Fundi viatu hakuwamo kwenye leja yangu

Mhariri,

Salamu nyingi. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, ingawa kukuandikia ni mara yangu ya kwanza. Jumapili iliyopita ulitoa picha ya wanafunzi wa uhandisi kwenye maonyesho ya ubunifu. Wamemzunguka mzee mmoja waliyemvalisha mkono bandia walioutengeneza wenyewe. Wanafunzi wanacheka. Mzee ameinamisha kichwa, anautazama ule mkono. Maelezo ya picha yalitaja chuo, yakataja mradi, yakataja mpaka gharama ya vifaa. Hayakusema kama mzee ataondoka na mkono ule au ataondoka bila. Nimeikata ile picha, ninayo hapa mezani, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kwa miaka 31, kuanzia 1991 hadi 2022, nilikuwa fundi sanifu wa maabara na karakana katika chuo kimoja cha uhandisi. Sitakitaja. Waliohusika na haya ninayoyasimulia walikuwa vijana wema na mwalimu mwema, na nina hakika vyuo vingine vina fundi sanifu mwenye kisa kama changu. Kazi yangu ilikuwa kutunza vifaa na kuviazimisha. Kila kilichotoka stoo kiliandikwa kwenye leja: kimetoka lini, kachukua nani, kimerudi lini, kimerudi katika hali gani. "Multimita namba 14, imerudi nzima." "Drili ya mkono, imerudi, waya umechubuka." Safu hiyo ya mwisho nilikuwa mkali nayo kupita kiasi. Mwanafunzi aliyerudisha kifaa kibovu hakupata saini yangu, na bila saini yangu hakuna aliyemaliza chuo.

Mwaka 2017 walinijia wanafunzi wanne wa mwaka wa nne na mradi wao wa mwisho: mguu bandia wa bei nafuu kwa mtu aliyekatwa chini ya goti. Wazo lilikuwa zuri na mpaka leo ni zuri. Soketi, yaani kile kikombe kinachopokea kigutu, sehemu ya mguu iliyobaki, waliichapa kwa plastiki kwenye printa ya 3D. Muundi ulikuwa bomba la alumini, unyayo ulikuwa mbao iliyovikwa mpira wa tairi. Ndani ya soketi walibandika sensa nne za kupima mgandamizo, nyaya zikapanda hadi kwenye kiboksi cha kufunga kiunoni.

Kabla ya kumvalisha mtu walitaka kujua kama hautavunjika. Wakausimamisha kwenye fremu ya chuma, wakapandisha juu yake mifuko miwili ya saruji, kilo 100. Ukahimili. Wakapiga picha, wakashangilia, nami nikashangilia nao. Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba kiwango cha kimataifa cha kupima miguu bandia, ISO 10328, kinataka mashine iutwishe mguu mzigo na kuutua, mara milioni 3. Mtu hasimami tu juu ya mguu. Anatembea, na kila hatua inauongezea mguu uzito kuliko ule wa kusimama, kisha inautua, kisha inautwisha tena. Mifuko ya saruji haipigi hatua. Na aina ile ya plastiki huanza kulegea ikifika nyuzi joto 60 hivi, joto ambalo kitu kilichoachwa nyuma ya kioo cha gari juani hulifikia. Hayo hakuna aliyetuuliza. Yangeulizwa kabla, wale vijana wangejibu au wangetafuta jibu. Walikuwa na akili za kutosha.

Sasa akatakiwa mtu. Nje ya geti letu alikuwepo fundi viatu, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, aliyepoteza mguu wake wa kulia kwa ajali ya bodaboda. Alitembelea magongo. Viatu vyangu vyote vya kazini alivishona yeye. Wale vijana walimwendea kwa adabu, wakamwamkia, wakamwambia: "Kaka, tunaomba utusaidie kwenye mradi wetu." Naomba wasomaji walitazame neno hilo, utusaidie. Kwetu sisi, ukiombwa msaada na watoto wa shule waliokuamkia, utasemaje hapana? Alifunga kibanda chake akaja. Walimpa nauli sh. 5,000, soda na chapati. Wala hakuwa na safari ya kulipia nauli. Alitoka getini.

Siku tatu mfululizo alitembea kwenye korido ya jengo letu, yenye urefu wa mita 25. Mara 40 kila siku. Pigeni hesabu: kilomita moja, kwa mtu ambaye ngozi ya kigutu chake haikuwa imegusa soketi ya aina yoyote tangu ajali. Mtaalamu wa viungo bandia angemwanzisha kwa dakika chache, akavua, akatazama ngozi, akarekebisha, akamvalisha tena. Wataalamu hao tunao nchini. Kituo chao pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha tangu 1981. Hakuna aliyefikiria kumwita hata mmoja. Vijana walihitaji data, na data ilihitaji hatua nyingi.

Kila baada ya mizunguko kumi walimuuliza: "Kaka, uko sawa?" Akawajibu: "Niko sawa." Nilikuwa nikimsikia kutoka dirishani kwangu.

Siku ya tatu, kwenye saa tisa alasiri, nilitoka kufuata kebo nikakutana naye ameegemea ukuta, jasho linamtiririka puani. Nikamwambia aketi. Binti mmoja wa kundi lile akapiga magoti kumvua mguu. Soketi ikatoka. Soksi haikutoka. Ilikuwa imeganda kwenye ngozi, nayo ilikuwa soksi ya kijivu, lakini kwenye ncha ya mfupa ilikuwa na rangi ya kahawia, mduara ukubwa wa sarafu ya sh. 200, na katikati ya mduara palikuwa bado mbichi. Nilichemsha maji, nikayapoza, tukatia chumvi kidogo, tukamimina polepole mpaka kitambaa kikaachia. Yule binti alikuwa analia. Na yule mwanamume, Mhariri, akiwa amekaza meno, akamshika bega akamwambia: "Endeleeni tu, mwanangu. Msije mkafeli kwa ajili yangu."

Maneno hayo sijayasahau. Nimeyafikiria miaka yote hii na ndiyo yaliyonifundisha kila ninachokiandika leo. Tunadhani hatari ni mtu kulazimishwa. Yeye hakulazimishwa. Alivumilia kwa wema wake, kwa kuwa aliwaona watoto wa watu wenye mtihani. Alama zao zilikuwa mikononi mwake naye alilijua hilo, tena alilijua kuliko wao.

Kuuliza "uko sawa?" si ulinzi hata kidogo. Sisi ni watu ambao ukiwa na homa kitandani, mgeni akiingia akakuuliza "hujambo?", unajibu "sijambo", kisha ndipo unaeleza ugonjwa, na ukimwona mgeni ana haraka huelezi kabisa. Ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo mtihani wowote unaomtegemea mtu aseme mwenyewe kwamba ameumia, kwetu hauna breki. Breki lazima ipangwe kabla: kila dakika kumi vua, tazama ngozi, ukiona wekundu usioondoka, simama, hata kama anasema endeleeni. Na lazima awepo mtu ambaye kazi yake siku hiyo ni kusema "basi". Asiwe mwenye kutafuta alama. Asiwe pia yule anayeumia.

Siku zile mtu huyo hakuwepo. Mwalimu msimamizi alikuwa na madarasa mengine na alisubiri ripoti. Wanafunzi walisubiri data. Mimi nilikuwa na leja. Nilipoifunga jioni ile, sensa nne zilikuwa zimerudi nzima, laptopu imerudi nzima, kebo imerudi nzima, nami nikatia saini. Fundi viatu hakuwamo. Hapakuwa na mstari wa kumwandika, na safu ya "hali" haikumhusu.

Kidonda kilichukua wiki tatu kupona. Kusafishwa na kufungwa kwenye zahanati ya mtaani kulimgharimu sh. 3,000 kila mara, tukachangiana mimi na yule binti kutoka mifukoni mwetu, kwa kuwa hakuna fungu la chuo lililotambua kwamba mtu ameumia. Mradi ulipata alama ya A. Mguu ulipelekwa kwenye maonyesho, ukarudi, ukafungiwa kwenye kabati la chuma karakanani kama mali ya idara. Ufunguo wa kabati nilikuwa nao mimi.

Mwezi mmoja hivi baadaye alikuja dirishani kwangu na magongo yake. Tukasalimiana. Akauliza: "Mzee, ule mguu upo?" Nikamwambia upo. Akanyamaza, kisha akasema: "Niliambiwa ni wa kujaribu. Nikadhani tukishajaribu, ukifaa nauchukua." Sikuwa na jibu. Nilimwambia ni mali ya chuo. Akasema haya, akashukuru, akaenda zake.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningempa. Lakini mguu ule haukuwa salama. Plastiki ile isingedumu, na siku ingepasuka akiwa anavuka barabara ya Morogoro ningesema nini? Kumpa lingekuwa kosa, na kumnyang'anya lilikuwa kosa. Ukishafika pale dirishani hakuna tena njia nzuri. Njia nzuri ilikuwa nyuma, kabla hajafunga kibanda, pale ambapo mtu angewauliza vijana: mkimaliza na huyu kaka, anabaki na nini? Wangeweza kukubaliana na karakana ya hospitali apimwe mguu wa kweli, hata kwa kuchangiwa. Wangeweza angalau kumwambia wazi, kwa Kiswahili, kwamba mwisho wa jaribio atarudi kwenye magongo yake. Huenda angekuja hivyo hivyo. Lakini angekuja akijua.

Binti yangu ni muuguzi. Aliposoma, utafiti wake ulikuwa wa kuwauliza akina mama maswali kuhusu kunyonyesha. Maswali tu, kwa mdomo. Na bado aliandika andiko, akalipeleka kwenye kamati ya maadili, likarudishwa mara mbili, akaandaa fomu ya ridhaa ambayo kila mama alisomewa na kuambiwa kwamba anaweza kukataa, au kuacha katikati, na hatanyimwa huduma. Upande wa afya nchi yetu iliamka zamani. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na kamati yake ya taifa hupitia maadili ya tafiti za afya. Sasa linganisheni. Anayeuliza maswali anapita kwenye chujio. Anayefunga chuma na waya kwenye nyama ya mtu anapita pembeni, kwa sababu kazi yake haiitwi utafiti, inaitwa mradi. Nimekaa kwenye vikao ambapo neno hilo moja ndilo lililofunga mjadala: "Huu ni mradi wa wanafunzi tu." Kigutu hakijui tofauti ya utafiti na mradi.

Binti yangu huyo ndiye aliyenisimulia habari za Tuskegee, jimbo la Alabama, Marekani. Kuanzia 1932 hadi 1972 serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, 399 kati yao wakiwa na kaswende, bila kuwatibu, hata penisilini ilipokwisha kupatikana. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Walipewa chakula cha moto, vipimo vya bure na ahadi ya gharama za mazishi. Niliposikia hivyo niliikumbuka chapati na soda. Sisemi ni jambo moja. Wale walidanganywa miaka 40, na vijana wangu hawakumdanganya mtu. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye shida hununulika kwa kidogo, na anayelipa kidogo hujiona mkarimu. Aliyefichua habari ile hakuwa profesa. Peter Buxtun alikuwa mfanyakazi wa kawaida wa idara ya afya ya serikali hiyo hiyo, kule San Francisco. Alianza kulalamika ndani kwa ndani mwaka 1966, asisikilizwe, mpaka 1972 habari zilipofika magazetini. Mimi nililalamika kidogo tu, nikanyamaza. Ndiyo maana nakuandikia sasa.

Hatari haiko kwenye miguu bandia peke yake. Kuna mwaka niliingia maabara ya umeme nikamkuta kijana amelala juu ya meza, shati wazi, elektrodi tatu kifuani. Wenzake walikuwa wanajaribu sakiti ya kusoma mapigo ya moyo. Ishara ilionekana kwenye laptopu, na laptopu ilikuwa inachajiwa ukutani kwa chaja ya bei rahisi. Aliyelala alisema anahisi kama sisimizi wanamtembea. Nilichomoa plagi kabla sijafungua mdomo. Umeme wetu ni volti 230. Mkondo wa miliampia 1, yaani sehemu moja ya elfu ya ampia, ukipita mwilini ndio hao sisimizi. Ikifika kumi na kitu misuli inakaza, mkono haubanduki. Miliampia 100 kupita kifuani inatosha kuuvuruga moyo usirudi kwenye mwendo wake. Kati ya sisimizi na kaburi palikuwa na chaja moja ya dukani. Dawa yake haikuhitaji fedha: laptopu itumie betri yake, sakiti itumie betri yake, na kati ya mtu na ukuta pasiwe na waya.

Yule kijana mezani naye alikuwa mwanakundi. Angekataa, kundi lingekosa data, na alama ni za kundi. Watu husema wanafunzi wakijaribiana wenyewe kwa wenyewe hakuna neno. Mimi naona hapo ndipo pa kuangaliwa zaidi, kwa kuwa "hapana" ya mwanakundi ina gharama.

Kisha zipo mashine ambazo hakuna anayedhani zinahusu maadili. Mashine ya kupukuchua mahindi inapelekwa kijijini, akina mama wanaitwa waijaribu, kanga zikining'inia karibu na mkanda unaozunguka. Programu ya simu ya kuwakumbusha wajawazito kliniki inawekwa kwenye simu za wanawake ishirini, na mwanafunzi anabaki na namba zao na tarehe zao za kujifungua kwenye flashi yake hata baada ya mahafali. Video ya fundi viatu, kaptura imepandishwa, kigutu wazi, nilikuja kuikuta kwenye wasilisho la kuwakaribisha mwaka wa kwanza, miaka mitatu baadaye. Hakuna aliyemuuliza. Sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ya mtu ni nyeti kwa mujibu wake. Wakuu wa idara za uhandisi waisome wakiwa na miradi ya wanafunzi wao mkononi.

Najua nitakachojibiwa. Nimeambiwa zaidi ya mara moja: "Mzee, ukianza kudai vibali utaua ubunifu." Naliheshimu jibu hilo kwa kuwa mimi mwenyewe nimeishi kwa ajili ya ubunifu wa wale watoto. Na sitaki waache kujaribu kwa watu. Nataka wajaribu zaidi. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kilitumika duniani miongo mingi, na mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan wakaonyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Mwanga wake unapita kwenye ngozi, na ngozi nyeusi haikupewa nafasi ya kutosha kilipokuwa kinapimwa. Nani atakipima kwenye ngozi yetu kama si watoto wetu? Lakini wapime kwa namna ambayo aliyepimwa akiitwa mara ya pili atakuja mwenyewe.

Wala halihitaji kuwa jambo la miezi. Mradi una semista mbili, na kamati inayokaa mara moja kwa mwaka kweli itauua. Mimi naona kila idara ya uhandisi iwe na watu wachache wanaokutana kila mwezi: mwalimu asiyesimamia mradi unaojadiliwa, muuguzi wa zahanati ya chuo, fundi sanifu wa maabara, na mtu mmoja kutoka nje, na kama mradi ni wa watu wenye ulemavu basi awe mmoja wao. Mradi wa kuwauliza watu wanapendelea mpini upi wa jembe upite kwa karatasi moja siku hiyo hiyo. Mradi wa kumwekea mtu waya, uzito, joto au dawa usimame mpaka uoneshe breki zake. Miradi inayozidi uwezo wa idara ipelekwe kwenye kamati ya chuo au NIMR. Ijulikane mapema nani atalipia kidonda. Isomwe ridhaa kwa Kiswahili cha kawaida, na isisomwe na mwanafunzi mwenye kutafuta alama. Na alama zisihesabiwe kwa wingi wa watu waliojaribiwa; nimewaona wasimamizi wakiwaambia vijana "ongezeni sampuli", nao wakatoka mbio kwenda getini.

Fundi sanifu nimemtaja kwa makusudi. Profesa huona mradi kwenye karatasi. Fundi huuona ukiunganishwa. Anaijua chaja ipi ni feki na fremu ipi weldi yake imepasuka. Lakini kwa cheo chake hana ruhusa ya kumzuia mwanafunzi wa profesa, labda amfiche kifaa, nami nimewahi kuficha kifaa kwa sababu hiyo. Apewe mamlaka ya kusimamisha, kwa maandishi, na asiadhibiwe akisimamisha kitu ambacho baadaye kilionekana hakikuwa na hatari.

Azimio la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha mwaka 1964 na kulirekebisha mara nyingi, linataka itajwe kabla ya jaribio kuanza nini kitafanyika kwa watu baada ya jaribio. Na mwaka 2024 walibadilisha lugha yake: wanaojaribiwa sasa wanaitwa washiriki. Fundi viatu alishiriki. Kwenye ripoti ya mradi, ukurasa wa vifaa na mbinu, aliandikwa "mtumiaji 1".

Nilipokabidhi ofisi mwaka 2022 mguu ule ulikuwa bado kabatini. Tuliuhesabu pamoja na aliyenipokea, tukauandika, tukafunga. Kibanda cha getini kilikuwa kimeshaondolewa barabara ilipopanuliwa, na sikupata kujua mwenyewe alihamia wapi.

Baada ya tukio lile nilichukua mabomba mawili ya maji ya inchi moja na nusu, nikayachomelea kwenye vyuma vinne, yakawa fito mbili za kushikilia, urefu mita nne, kimo cha kiuno. Ilinichukua asubuhi moja. Mtu anayejaribu mguu anatembea katikati, mikono juu ya fito, akiyumba anashika. Chuo chochote cha uhandisi ambacho hakina, kinipe taarifa kupitia kwako Mhariri. Mabomba nitanunua mwenyewe, waniwekee umeme wa kuchomelea tu. Na wale vijana wa kwenye picha yako, nawaomba kitu kimoja wiki hii: wamtembelee yule mzee nyumbani kwake, bila kamera.

Wako,
Fundi sanifu mstaafu wa maabara,
Kibaha, Pwani.